Picha za setilaiti shambani: zitazame bure, alafu ingia na jembe

Kabla hujamlipa mtu anayekuuzia "ramani ya afya ya shamba" jua kwanza kwamba picha nyingi anazozipaka rangi ni za bure, zile za Landsat, setilaiti za Marekani, ziko wazi kwa yeyote tangu 2008 na za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa 2015, nazo bure vilevile, unazifungua kwa simu ukiwa na bando tu. Sisemi huduma ya kulipia ni utapeli, ila lipia uchambuzi na ushauri, usilipie picha.

Kuna swali huwa halikosekani, sasa nani kawaruhusu kupiga picha shamba langu? Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema hamna nchi inayomiliki anga hizo, kwahiyo setilaiti inapita juu ya nchi yoyote bila kupiga hodi, na 1986 Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni kwamba nchi iliyopigwa picha ipewe nafasi ya kuzipata bila kubaguliwa na kwa bei ya kuridhisha. Ndo hivyo, wanakuona, basi na wewe jione.

Sasa kutumia. Pikseli moja ya Sentinel-2, yaani kimraba kimoja kidogo cha picha, ni mita 10 kwa 10 shambani, kwahiyo ekari nzima inapata kama pikseli 40, na za pembeni zimeshachanganyika na njia au mti wa jirani, kwahiyo mwenye robo ekari asijisumbue sana, azunguke tu kwa miguu. Picha mpya inakuja kila siku 5 hivi, lakini msimu wa mvua ndo unazihitaji na ndo mawingu yanaziba, utakaa hata wiki tatu huoni kitu.

Kipimo utakachokutana nacho ni NDVI. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kurudisha ule usioonekana kwa macho, setilaiti inalinganisha hizo mbili, namba ikisogea kwenye 1 ujue majani ni mengi. Majani, sijasema mazao! Shamba lililomezwa na magugu linang'aa kijani kuliko la aliyepalilia jana. Pia usijilinganishe na jirani aliyepanda wiki mbili kabla yako, linganisha shamba lako na lenyewe, sehemu ileile, picha hii na iliyopita, na tarehe kama hizi mwaka jana.

Ukiona baka linabaki nyuma picha mbili mfululizo, nenda. Mbili, kwasababu mimi niliwahi kukimbilia baka la picha moja nikitangaza ugonjwa, kumbe kivuli cha wingu. Baka jingine lilikuwa la kweli, mahindi manjano, kila mtu anasema tia urea, nikang'oa mche mmoja nikakuta mzizi umeshuka urefu wa kiganja alafu umekunja kama kiwiko, chini udongo umeshindiliwa na trekta mpaka jembe linadunda. Urea ingefanya nini pale?

Ukienda na simu kumbuka GPS yake inaweza kukosea mita 5 hivi hata uwanja ukiwa wazi, kwahiyo usisimame kwenye nukta tu, tembea hatua ishirini kila upande, ng'oa mche ndani ya baka na mwingine nje yake, uilaze pamoja uangalie mizizi.