Siku ya usafi kwenye kizimba cha swila

Somo hili ni la wenye kibali cha kufuga nyoka. Nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina nafasi ya mtu aliyemfungia swila kwenye ndoo uani halafu akasema anafuga.

Hapa Lindi nahudumia swila wawili wa kutema na kifutu mmoja. Kila mgeni huniuliza nawashikaje. Siwashiki. Siku ya usafi ikiisha sijamgusa nyoka, najua nimefanya kazi vizuri.

Hatua ya 1: Boksi. Hapa ndipo penye kazi yote. Ndani ya kizimba weka boksi la mbao lenye tundu moja na kifuniko cha kusukuma, kinachofungika ukiwa nje. Nyoka anapenda giza na pahala pa kumbana mwili, kwa hiyo ataingia mwenyewe. Subiri mpaka uone ncha ya mkia imezama, sukuma kifuniko kwa kulabu, piga kofuli, ndipo ufungue mlango. Usiseme "atakuwa yumo". Boksi lililofungwa linakuambia kwamba limefungwa, basi.

Hatua ya 2: Miwani. Swila hawa hutema sumu hadi mita 2 au 3, na hulenga uso. Novemba, joto la hapa mnalijua, nilipandisha miwani kwenye paji la uso nijifute jasho. Wavu wa dirisha ulikuwa katikati yetu, nikajiona salama. Mate yakapita kwenye matundu ya wavu kama maji ya chujio. Jicho liliwaka kama limetiwa pilipili kichaa. Kilichoniokoa ni ndoo ya maji safi iliyokuwa mlangoni. Nilimwagiwa dakika 20 nzima kabla ya kwenda hospitali. Sasa dirisha ni la kioo.

Hatua ya 3: Mtu wa pili. Akae nje, simu ina chaji, usafiri upo. Mjue mapema ni hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka.

Hatua ya 4: Kulabu. Ni kwa siku ambayo lazima ahamishwe. Mpitishie kulabu chini ya mwili, mnyanyue taratibu, mteremshe kwenye pipa refu lenye kifuniko. Kifutu ni mzito, tumia kulabu mbili. Usimkandamize shingo, ndiyo njia ya haraka ya kumfanya apigane.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikivaa glavu za ngozi siwezi kumshika kifutu?* (Masasi)
Hapana kaka. Meno yake ni marefu, yanapenya ngozi. Glavu itakuongezea ujasiri tu.

*Swila wetu alikuwa ametulia, wiki hii anatema kila mtu akipita.* (Mikindani)
Mtazame macho, dada. Yakiwa na ukungu kama maziwa, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, ana wasiwasi. Mwachie maji, usimsogelee mpaka amalize. Na kama umetoka kushika panya, nawa kwanza. Mkono wenye harufu ya panya kwake ni chakula.

*Mtu akiumwa na nyoka, tufunge kamba au tuweke lile jiwe jeusi?* (Newala)
Vyote viwili acha, na usichanje. Jiwe halivuti sumu. Sumu ya kifutu, na ya swila wa huku pia, inaozesha nyama. Kamba inazidi kuharibu hapo hapo. Mvue pete na saa kabla hajavimba, asitumie kiungo hicho, mkimbizeni hospitali.

*Tukiwa tunaokota korosho tulimkata swila kichwa, na kichwa kikataka kuuma. Ni uchawi?* (Tandahimba)
Si uchawi, shemeji. Mishipa ya fahamu hubaki hai kwa muda baada ya kukatwa, na sumu bado imo. Kisogeze kwa jembe, kizike, watoto wasikichezee.