Chai na chapati mbili: jipime sukari uone kutembea kunafanya nini

Mi ni kocha wa mazoezi, na wateja wangu wengi hawaamini maneno wanaamini namba, so siku hizi nawaambia wajipime wenyewe. Tafuta ile mashine ndogo ya sukari ya duka la dawa, stripu 6 (vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu), lanseti zako mwenyewe, yaani visindano vya kutobolea kidole (usichangie na mtu) na asubuhi mbili.

Siku ya kwanza, ukiamka kabla hujala, nawa mikono kwa sabuni ukaushe. Hapa ndo watu wanaharibu, kuna mama alinipigia analia sukari 14 kumbe katoka kumenya embe! Toboa pembeni ya ncha ya kidole, katikati panauma. Asiye na kisukari mara nyingi anasoma kati ya 3.9 na 5.5 (kwa mashine inayosoma mmol/L). Andika. Kunywa chai yako na chapati mbili kama kawaida, angalia saa ulipoanza kula, kaa tu kwenye kochi, pima tena baada ya saa moja na baada ya masaa mawili.

Siku ya pili kila kitu kilekile, sukari ya chai vijiko vilevile, ila ukimaliza tu kula toka utembee dakika 20, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Usingoje masaa mawili maana sukari ishapanda na kushuka, unakimbiza basi lililoondoka.

Wengi wanakuta ile namba ya saa moja imeshuka. Sababu ni kwamba ukikaa, sukari inasubiri insulini (homoni ya mwili) iifungulie mlango wa misuli, lakini msuli unaofanya kazi unafungua mlango mwingine wenyewe, na misuli ya mapaja ni kati ya mikubwa kuliko yote mwilini, ndo maana ngazi au skwati nazo zinafaa kama nje kuna mvua. Siku moja inaweza kukudanganya lakini, ukilala vibaya au ukiwa na stresi inapanda yenyewe, rudia wiki ijayo. Halafu siku nyingine jaribu kula mayai kwanza, chapati mwisho, upime uone kama namba inabadilika.

Kama unatumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) ongea na daktari wako kwanza, na utembee na sukari mfukoni. Ukitetemeka, jasho jembamba, mashine inasoma chini ya 3.9, simama hapohapo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15.