Jinsi ya kupanga likizo ya gofu ya kifahari Uskoti na bado ukaiona nchi yenyewe

Watu wengi wakianza kupanga hii safari wanaokota majina ya viwanja maarufu tu, St Andrews, Carnoustie, Turnberry, Royal Troon, Royal Dornoch, wanayajaza yote ndani ya wiki moja halafu likizo inaishia kwenye siti ya nyuma ya gari wakiangalia mvua dirishani. Uskoti kwenye ramani inaonekana kadogo, ila Turnberry iko chini kusini magharibi na Dornoch iko juu huko kaskazini ya Inverness, na barabara za huko ukishatoka miji mikubwa hazikimbiliki. Kwa hiyo chagua kanda mbili basi. Mimi ningechagua Fife, ambako ndo St Andrews ilipo, halafu Highlands, yaani nyanda za juu za kaskazini, upande wa mashariki pale Dornoch, siku nne nne kila upande, magharibi na visiwa vya wiski kama Islay unaviacha kwa safari ingine.

Sasa la kwanza kabisa, usilipie ndege wala hoteli kabla hujapata muda wa kuanza kucheza, hasa kama unautaka Old Course, ule uwanja maarufu wa St Andrews. Huu uwanja ni wa umma jamani, hauna klabu inayoumiliki, unaendeshwa na St Andrews Links Trust, na wakazi wa pale wana haki zao, sasa usidhani hela peke yake itakusogeza mbele. Maombi ya mwaka unaofuata yanapokelewa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo anza kufuatilia tovuti yao mapema, mwezi wa 8 usikukute umelala. Njia ya pili ni makampuni ya utalii yenye mkataba na hao Trust, wao wanakuuzia muda pamoja na hoteli, bei imechangamka kwelikweli ila unalala usingizi ukijua tarehe yako ipo. Njia ya tatu ni kura, mnaingiza majina siku mbili kabla ya kucheza, lazima muwe wawili au zaidi, majibu yanatoka siku hiyohiyo. Aliye peke yake naye ana droo yake, anaenda mwenyewe kujiandikisha siku moja kabla. Ukitegemea kura kaa pale siku kadhaa ujaribu zaidi ya mara moja, na usisahau cheti cha handikapu, yaani cha kuonyesha kiwango chako cha uchezaji, maana wanakiulizia.

Angalia na kalenda. Mwanzoni mwa mwezi wa 10 kuna mashindano ya Dunhill yanayochezwa Old Course, Carnoustie na Kingsbarns, na The Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, inarudi St Andrews Julai 2027, hizo wiki wageni wa kawaida kaa mbali. Na Jumapili Old Course kwa kawaida haichezwi, inageuka bustani, watu wanatembeza mbwa na wanasukuma vigari vya watoto katikati ya uwanja ambao siku zingine unauomba kwa kura. Hiyo ndo siku yako ya kupiga picha kwenye daraja la Swilcan, kale kadaraja ka mawe ka shimo la 18, bila kumwomba mtu ruhusa. Tena hata siku za gofu kuna kibarabara kinaitwa Grannie Clark's Wynd kinakata shimo la 1 na la 18, watu wanapita na taulo zao kwenda ufukweni, we umesimama na fimbo yako umejipanga unasubiri bibi na mbwa wake wavuke. Mi napenda sana hii, kuna viwanja vya kifahari duniani ukikatiza tu unafukuzwa na mlinzi.

Chukua kedi, yaani mtu wa kukubebea fimbo na kukuelekeza. Hapa usibane matumizi kabisa. Old Course haina vigari vya umeme isipokuwa kwa wenye sababu za kiafya, mnatembea mashimo yote, na sehemu nyingi hauoni unapopiga, kedi anakuonyesha mnara wa kanisa au kichaka anakwambia piga pale, na we unapiga pale. Shimo la 17 ndo utamwelewa, mpira wa kwanza unapita juu ya mabanda yaliyo kwenye kona ya hoteli, bila mtu wa kukutuliza utaupeleka kwa wageni wanaokunywa chai. Malipo yake ni keshi, mwisho wa mchezo, na bakshishi juu.

Kulala, ukitaka kuwa juu ya uwanja kuna Old Course Hotel pale pembeni ya hilo shimo la 17, na Rusacks inaangalia la 18. Ila kama umeongozana na mtu asiyecheza gofu, kusema kweli ningempeleka Gleneagles kwa usiku kama mbili hivi njiani ukielekea kaskazini. Ilifunguliwa 1924, ina viwanja vitatu na Ryder Cup ya 2014, Ulaya dhidi ya Marekani, ilichezwa pale, lakini ambaye hachezi naye ana kazi ya kufanya kutwa, kurusha mwewe, farasi, spa, na hata stesheni ya treni ina jina lake.

Highlands ndo safari inapobadilika. Royal Dornoch nenda mwezi wa 5 au wa 6, vichaka vya miiba vimechanua njano kote na jua linachelewa kuzama, saa nne usiku bado kuna mwanga. Donald Ross alizaliwa mji huu kabla hajaenda Marekani kuchora kiwanja cha Pinehurst No. 2, na ukiziona grini za Dornoch, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo, zilivyoinuka na kumwaga mpira pembeni utajua alijifunzia wapi. Kesho yake usirudie kiwanja kikubwa, panda kaskazini kidogo Brora, kiwanja alichokichora James Braid, kwa miaka mingi kondoo na ng'ombe walikuwa wanakula majani humohumo uwanjani na kila grini ilizungushiwa kawaya kadogo ka umeme, ulikuwa unaruka na putter yako, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mkononi kwa adabu zote. Matajiri walikuwa wanakuja kutoka dunia nzima na wanaruka hako kawaya.

Jirani na hapo kuna Dunrobin Castle, ngome yenye bustani inayoshuka hadi karibu na bahari na maonyesho ya ndege wawindaji, na Tain kuna kiwanda cha Glenmorangie cha kuonja wiski. Kuhusu wiski, ajiri dereva. Kiwango cha pombe kwa anayeendesha Uskoti kilishushwa 2014 kuwa miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, chini ya England yenye 80, kwa hiyo vile viglasi viwili vitatu vya kuonja vinaweza kukuharibia likizo nzima. Barabara nyingi za huko juu ni njia moja yenye vipenyo vya kupishana, dereva mwenyeji atakuokolea muda pia.

Acha siku mbili bila gofu kabisa. Moja ya Culloden nje ya Inverness, uwanja wa vita ya 1746, unatembea polepole kati ya mawe ya kumbukumbu ya koo za Kiskoti zilizopigana pale. Nyingine ya mto, kuvua samaki aina ya salmoni na mtu wa kukuelekeza, ila isiwe Jumapili maana sheria inakataza kuvua salmoni siku hiyo. Ukiwepo mwanzoni mwa mwezi wa 9, michezo ya Braemar ni Jumamosi ya kwanza, wanaume wa sketi wanarusha magogo na familia ya kifalme mara nyingi huwa ipo, tiketi ununue mapema. Mwezi wa 8 Edinburgh ina matamasha, hoteli zinapanda bei vibaya, labda kama ndo unachokifuata.

Visa ni ya Uingereza, ile ya Ulaya ya Schengen haikusaidii kitu. Nguo za mvua nunua nzuri, koti na suruali, mwavuli kwenye upepo wa bahari ni mapambo tu. Kiangazi magharibi kuna vijidudu vinaitwa midges, vinauma kwa makundi upepo ukitulia, beba dawa ya kujipaka. Na noti, benki za Uskoti zinachapisha pauni zao wenyewe, ni halali ila huko London wauzaji wengine wanazikunjia uso, hizo mpe kedi.