Kabla hujafunga nyumba kwenda kijijini Desemba

Shule zikishafungwa mapema Desemba, Kampala huanza kuhama. Mabasi ya Arua, Gulu, Mbale na Mbarara yanajaa, na nyumba nyingi za Kira na Nansana zinaachiwa kufuli peke yake. Kiangazi nacho kinaingia; wanaobaki mjini wanalala madirisha wazi kwa joto. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Katwe. Desemba naletewa oda za grili, Januari naitwa kurekebisha milango iliyovunjwa. Nikifika kwa mteja, naanzia hapa.

Hatua ya 1: Fremu kwanza, kufuli baadaye

Watu wananunua kufuli la bei kali, kisha wanalifunga kwenye mlango unaocheza. Mwizi hashindani na kufuli, anatafuta penye udhaifu. Funga mlango, uusukume kwa bega upande wa bawaba na upande wa komeo. Fremu ikitikisika, fundi aiongezee miguu ya chuma inayoingia ndani ya ukuta na kushikwa kwa zege. Plasta peke yake haishiki kitu.

Kisha angalia bawaba. Zikiwa nje, pini inagongwa inatoka, mlango unafungukia upande wa pili, na kufuli lako linabaki likining'inia salama salimini. Dawa yake ni kuchomelea vichwa vya pini, kazi ndogo isiyo na gharama kubwa. Kufuli nalo lijengewe kisanduku cha chuma ambacho mkono unaingia kwa chini tu, ili mkasi wa kukatia vyuma ukose pa kuuma.

Hatua ya 2: Madirisha

Bomba la mraba linapendeza likipakwa rangi, lakini ndani ni tupu na msumeno hauchelewi kulikata. Omba chuma kizima, milimita 12 inatosha kwa nyumba ya kawaida. Wezi wengine huja na jeki ya gari, wanaitia kati ya vyuma viwili na kuvipanua mpaka mtu apite. Kwa hiyo sharti viwepo vyuma vya kulala pia, vichomelewe kila vinapokutana na vya kusimama.

Kwenye joto kuna wizi mwingine ambao hauhitaji kuvunja chochote: mtu anapitisha fimbo ndefu yenye ndoano dirishani na kuvuta suruali, mkoba, au simu iliyoachwa kwenye chaji. Wavu wa mbu unakatwa kwa wembe. Weka wavu wa chuma nyuma ya grili, hewa itapita na ndoano haitapita. Pesa hazijafika bado? Sogeza meza mbali na dirisha, na usitundike funguo ukutani karibu nalo.

Hatua ya 3: Acha njia ya kutokea moto ukiwaka

Hapa huwa nabishana na wateja. Nyumba iliyofungwa kwa grili kila upande ni mtego siku ya moto. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani. Ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu nyumbani anapafahamu, watoto pia, lakini mkono kutoka nje haufiki. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kwanza.

Hatua ya 4: Nyumba isionekane imehamwa

Taa inayowaka saa sita mchana inamwambia kila mpita njia kuwa hakuna mtu. Taa ya sola inayojiwasha giza likiingia ni bora, tena haili yuniti za Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kiangazi kina hila yake: vumbi na majani makavu vinajikusanya mlangoni, na wiki nzima hapaonekani hata wayo wa mtu. Mwombe jirani afagie na kuanika nguo zake kwenye kamba yako. Ukirudi, usirudi mikono mitupu.

Mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa wako, unaondoka lini na nani ana ruhusa ya kuingia. Ukimwachia kijana nyumba, uwe na barua ya LC1 ya alikotoka na nakala ya kitambulisho chake cha taifa, hata kama ameletwa na shangazi. Picha za kijijini ziweke WhatsApp ukisharudi.

Hatua ya 5: Safarini

Usile wala kunywa cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Namba ya siri ya pesa za simu usimtajie mtu, hata anayejitia kukusaidia.

Hatua ya 6: Ukikuta pamevunjwa

Usiingie, huenda bado wamo. Piga 999 au 112, umwite na mwenyekiti. Usishike kitu mpaka polisi waone, kisha uchukue namba ya SD ya taarifa yako kituoni, yaani namba yake kwenye kitabu cha matukio cha polisi. Watakuuliza IMEI, namba ya utambulisho ya simu iliyoibwa, kwa hiyo bonyeza *#06# leo, uiandike pamoja na namba ya televisheni iliyo nyuma yake, karatasi usafiri nayo. Na kabla hujalala humo usiku huo, badilisha vitasa vyote ambavyo funguo zake za akiba zilikuwa ndani.