Dada akiuawa ongea hivi, na akipotea usisubiri

Kabla hujaandika komenti yoyote, futa kwanza lile swali la "alikuwa anafanya nini huko usiku". Linamtafutia marehemu makosa wakati mwenye kosa yupo. Uliza nani kamuua, alishawahi kumtishia, na siku alipoenda kulalamika nani alimsikiliza.

Halafu usimwite kwa kazi yake wala kwa pombe zake, kama familia imeshataja jina basi tumia jina. Watu wanasema haya ni maneno tu, hapana. Uingereza Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980, polisi walimhoji mara 9 wakamwachia, na kesi ilipofika mahakamani 1981 mwendesha mashtaka mwenyewe akasema baadhi ya marehemu walikuwa makahaba, ila kinachosikitisha zaidi ni kwamba wengine hawakuwa. Inauma sana kusikia hivyo! Polisi wa kule wamekuja kuomba radhi 2020 kwa lugha waliyotumia wakati ule.

Dada akikwambia nimenusurika kuuawa, muamini hata kama kalewa, mpeleke hospitali, matibabu yaandikwe. Karibu na Vancouver kule Kanada, 1997, mwanamke alimtoroka Robert Pickton, muuaji wa wanawake wengi, akiwa na majeraha ya kisu, mwaka uliofuata mashtaka yakasimamishwa, eti huyo dada anatumia madawa, ushahidi wake hautaaminika. Pickton kakamatwa 2002 na hapo katikati wanawake wakaendelea kupotea.

Akipotea usingoje masaa 24. Andika alivyovaa, namba zake zote, alikuwa anaenda kukutana na nani, tunza skrinshoti za meseji, nenda polisi na mtu wa pili, dai namba ya ripoti na andika jina la askari aliyekuhudumia. Wakikuambia "huyo kaenda kwa bwana, atarudi", omba kuonana na mkubwa wao, na kesho rudi tena. Kama alikuwa anajiuza, wenzake ndio wanajua gari gani lilimchukua lakini wanaogopa kukamatwa wao, kwa hiyo tafuta mwanasheria au watu wa haki za binadamu waende nao.

Picha za mwili usisambaze hata kwenye grupu la familia. Na ukiandika "wivu wa mapenzi" futa, andika kauawa na mumewe, kama ndio hivyo mahakama ilivyosema.