Mtoto wa nyoka wa mahindi (corn snake wa kufugwa) akigoma kula
Anza na joto, hasa kwenye baridi ya Julai ya Nairobi. Upande mmoja wa boksi uwe nyuzi 28 hadi 30, usiku pia. Akiwa baridi hawezi kusaga chakula, na ukimlisha kwa nguvu atatapika. Kama hajajivua gamba la kwanza, wiki moja hivi baada ya kuanguliwa, msubiri tu.

Akishajivua na bado anagoma, tumia harufu ya mjusi. Kwao, kusini-mashariki mwa Marekani, wadogo hula sana mijusi na vyura, ndiyo maana kipanya kichanga cha barafu unachompa hakimvutii. Kiyeyushe barafu, kipashe kwenye maji ya vuguvugu, kifute, halafu kisugue pua kwenye mgongo wa mjusi wa ukutani na umwachie mjusi aende zake. Mfungie nyoka na kipanya kwenye kikopo kidogo chenye matundu, funika kwa kitambaa hadi asubuhi. Usichungulie! Akikataa, mpe siku tano kabla ya kujaribu tena.

Nyoka wenye mistari au madoa adimu ndio hushikwashikwa zaidi, kila mgeni anataka kuwaona. Tafadhali, mpaka azoee kula, asiguswe.