SOMO: Tembea njia ileile mwaka mzima, uone viumbe na misimu inavyogeuka

Wakuu, salaam. Kila nikiweka picha naulizwa swali lilelile: "Hao ndege unawaonaje? Mbona mimi natembea kila siku sioni kitu?" Nimelijibu faraghani mpaka nimechoka. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Chagua njia moja fupi, karibu na unapoishi. Kilomita moja inatosha.

2. Ipite kila wiki, siku ileile, saa ileile. Asubuhi ni bora, kwani ndege wana pilika nyingi zaidi katika saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza.

3. Beba daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino iache, mvua ikilowesha karatasi husomi tena.

4. Weka vituo vitatu au vinne: mti, kidimbwi, ukingo wa kichaka. Kila kituo simama dakika tano bila kusogea. Ukifika viumbe hunyamaza, ukitulia hurudi kwenye shughuli zao. Kwenye mti chagua tawi moja la usawa wa macho, lifunge uzi kwa kulegeza ili usilikabe, na kila wiki utazame tawi hilohilo. Langu wiki moja lilikuwa na matumba makavu yaliyofumba. Wiki iliyofuata majani yametoka, mekundumekundu, yananing'inia malegevu kama kitambaa kilicholowa. Wiki ya tatu yamekuwa ya kijani, yamekakamaa, na tayari yana matundu ya viwavi. Ukiutazama mti mzima kwa jumla hayo yote yanakupita.

5. Andika ulichokiona, usiandike jina tu. Hapa ndipo nilipoharibu, tafadhali someni taratibu. Mwaka wangu wa kwanza kila ndege mkubwa aliyezunguka juu nilimwandika "mwewe". Kurasa na kurasa: mwewe, mwewe, mwewe. Nilipotaka kujua mwewe wanaondoka lini na wanarudi lini, daftari likaniambia wapo mwaka mzima. Haikuwa kweli. Mwewe ana mkia wenye panda, na akiwa angani huupindapinda kama usukani. Wengi wa wale niliowaandika walikuwa na mkia mpana wa mviringo, ndege wengine kabisa, nami nimewatia kapu moja kwa miezi kumi na miwili. Mwaka ule umekwenda, siwezi kurudi kuwatazama upya.

Kwa hiyo andika umbo, mkia, mdomo, alikuwa juu ya nini, alikuwa akifanya nini. Jina utalitafuta baadaye, na kama huna hakika weka alama ya kuuliza. Andika papo hapo. Ukingoja ufike nyumbani utaandika ulichotarajia kukiona. Na usipoona kitu, andika SIJAONA. Ukurasa mtupu hausemi kama mbayuwayu hawakuwepo au ni wewe hukwenda.

6. Usiguse viota, usivisogelee.

7. Kila mwisho wa mwezi soma daftari lako tangu mwanzo.

MASWALI

Njiwamanga: Mkuu, nikipiga picha tu bila kuandika haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Picha haionyeshi usichokiona. Rudia mwisho wa hatua ya 5.

Mzururaji: Refu mno hili. Nitajie tu programu ya simu ya kuwatambua, basi.

Jibu: Kulisoma ni dakika tatu. Asiye na dakika tatu za kusoma hatazipata tano za kusimama kimya. Anza na hatua ya 1.

Kozi: Nimsaidie mwenzetu. Natumia iNaturalist kwa mimea na wadudu, Merlin kwa ndege. Zote ni bure.

Jibu: Asante Kozi, nami ninazo. Ila programu hukosea pia, kwa hiyo maelezo ya daftarini yabaki.

Umande: Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita mbayuwayu walijaa kwenye nyaya za umeme, leo hayupo hata mmoja. Wanajuaje kwamba siku imefika?

Jibu: Marahaba. Swali hili nimelingoja siku nyingi. Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya huenda hadi kusini mwa Afrika na kurudi kila mwaka, na hawangoji njaa iwafukuze. Dunia imeinama kwa nyuzi 23 na kitu, ndiyo maana mchana hurefuka na kufupika kadiri mwaka unavyokwenda, na mwili wa ndege huyahisi mabadiliko hayo ya mwanga. Mwanga humtayarisha, kisha hali ya hewa huamua siku yenyewe. Karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo huko mvua ina uzito mkubwa zaidi: angalia kumbikumbi wanavyotoka mvua zikianza. Andika tarehe mbili, siku ya mwisho uliyowaona na siku ya kwanza uliyowakosa. Mwingereza Robert Marsham alianza kuandika tarehe za namna hii mwaka 1736: majani kuchipua, mbayuwayu kufika, vyura kulia. Uzao wake uliendelea kuziandika hadi 1958, na watafiti bado wanazitumia kupima jinsi joto linavyosogeza msimu.

Kwekwe: Nimepata kiota chenye makinda. Naenda kila asubuhi kupiga picha, nimekata vijitawi kidogo ili mwanga uingie.

Jibu: Acha leo hii. Vijitawi hivyo ndivyo vilivyowaficha makinda, kunguru na nyoka wasiwaone, na ndivyo vilivyowakinga jua. Hatua ya 6 ina mstari mmoja kwa sababu haina mjadala.

Kwekwe: Mkuu, sikuwa na nia mbaya.

Jibu: Najua, ndugu yangu. Usirudi pale mpaka makinda yaruke. Watazame kwa mbali, kwa darubini.

Njiwamanga: Darubini yenyewe ya namba ngapi?

Jibu: 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10 hukuza zaidi lakini mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inacheza. Macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo iyafuate.

Kozi: Nyongeza kwa wanaotafuta wanyama: someni nyayo. Unyayo wa mbwa huacha alama za kucha, wa paka kwa kawaida hauachi, maana huzirudisha ndani akitembea. Nendeni jua likiwa chini, kivuli huchora kingo za unyayo vizuri.

Umande: Mwalimu, la mwisho. Usiku wa joto nyenje hulia harakaharaka kuliko usiku wa baridi, au nasikia vibaya?

Jibu: Unasikia vizuri kabisa. Mwili wa nyenje hufuata joto la hewa. Mwaka 1897 Amos Dolbear, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha kanuni ya kukadiria joto kwa kuhesabu milio yao. Kila aina ina mwendo wake, kwa hiyo tengeneza kanuni ya nyenje wako: hesabu milio kwa sekunde 15, andika pembeni joto la kipimajoto, rudia usiku mwingi. Mfuate mmoja tu, wakilia wengi pamoja hesabu huvurugika.

Umande: Nimetoka nje sasa hivi. Mmoja chini ya dirisha, milio 31, nyuzi 22. Nimeandika.